Safu ya Maelezo

Kitabu cha ibada cha Lulindi kina safu sita:
Tarehe. Jina la siku. Waliohudhuria.
Walioshiriki. Sadaka. Maelezo.
Baba alikijaza kwa wino wa bluu, herufi zimelala upande mmoja
kama mtama uliopigwa na upepo,
na mwaka wa sabini na nne, Jumapili ya Matawi, aliandika
mia tatu na kumi na mbili. Maelezo: Wengine walisimama nje.

Mimi natumia kalamu ya chama cha msingi,
waliyotugawia siku ya mnada wa korosho.
Leo ni Majilio, Jumapili ya pili. Padri yuko Luatala,
ana makanisa matano na pikipiki moja,
kwa hiyo walioshiriki ni sifuri,
na sifuri hiyo naiandika ndogo.

Nahesabu. Bi Edina Chilumba. Mzee Silvano, aliyelala.
Mabinti wawili wa Nampoto, wenye viatu vipya.
Mbuzi wa Namkumba simhesabu,
ingawa alikaa mpaka baraka.
Tisa.

Sisemi watu wameharibika.
Wazee husema hivyo, nami nimekwisha kuwa mzee, ila sisemi.
Hela ya korosho imeingia, nyumba zina bati,
watoto wanasoma Masasi mjini.
Wanatusalimia vizuri. Wanatuzika vizuri.
Siku ya msiba kanisa hujaa mpaka madirishani,
kisha tunafukia, wanakula, wanaondoka,
na benchi hubaki na joto lao kama nusu saa.

Kanuti, mwanangu, nilimfundisha Amri Kumi
kabla hajang'oka jino la kwanza.
Sasa ana kibanda ng'ambo ya barabara, anachaji simu,
vijana wanasuka mikeka yao ya mpira, wanachana, wanasuka tena.
Mwaka jana nilimwuliza, tukimenya mihogo,
nikiwa nimejiandaa kwa ugomvi.
"Baba, simchukii. Wala sibishi kwamba yupo.
Simkumbuki tu. Wiki inapita, sijamkumbuka."
Akaendelea kumenya.
Kwenye mafunzo ya ukatekista
tulifundishwa kuwajibu wanaobisha.

Leo mvua ilianza katikati ya somo la kwanza.
Tobo la juu ya benchi la tatu tunalijua,
tumelichangia mara mbili, na mara mbili pesa zimekwenda msibani.
Tone. Tone. Juu ya kilemba cha Bi Edina.
Hasogei. Hapo amekaa miaka hamsini,
mgeni ni mvua.

Tulipofika Nasadiki nikasikia miguu juu,
kisha nyundo.
Nilimjua kwa mapigo: mawili, anapumzika, moja.
Sauti tisa tukapanda ili tusikike,
hata Mzee Silvano akaamka akaungana nasi
pale pa ufufuo wa wafu,
na sikumbuki ni lini tulisadiki kwa kelele kiasi kile.
Tone likakata.

Nilimkuta nje, amelowa chapachapa, misumari miwili mdomoni.
"Kutoka kibandani mlango unaonekana," akasema.
"Nilimwona bibi analowa. Usidhani nimekuja kusali."
"Sijadhani."
"Na misumari ni yangu. Mtanilipa."
"Utalipwa."
Akavuka barabara bila kukimbia,
kama mtu ambaye mvua imekwisha kumaliza naye.

Sasa nimekaa sakristia, kitabu magotini.
Naweza kuandika kumi. Hakuna atakayekagua.
Lakini amesema hakuja,
na mimi simwibii mtu neno lake.
Tisa.
Sadaka: shilingi elfu nne na mia tatu, na kilo moja ya korosho.
Misumari itatoka humo.

Safu ya mwisho ni nyembamba.
Mkono wenyewe unalaza herufi, sijui umejifunza lini:
Mvua. Mmoja, juu ya bati.